Nani Abebe Isale

Digna alidaiwa shilingi laki nne na themanini elfu, na mdai wake alikuwa kijiji kizima.

Hilo ndilo lililokuwa tatizo, na halikuwa na mapambo. Miaka ile soko la kahawa lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaanza kupanda Kirua Vunjo na mizani zao, wakulima walikubaliana kwamba kila anayeuza kilo moja ataacha shilingi ishirini kwenye mfuko wa elimu wa kijiji. Mfuko ule ulikuwa ukimsomesha mtoto mmoja kwa wakati, na fedha yake ilikuwa ruzuku, si mkopo. Ukimaliza chuo kikuu hudaiwi kitu, rudi tu uwaamkie waliokusomesha. Ukiacha njiani, unarudisha yote. Sharti hilo lilitungwa na Mzee Sirili, mwenyekiti wa mfuko, mtu wa kahawa nyingi na maneno machache. Watu walilipigia makofi kwa sababu hakuna aliyedhani litamkamata mtu.

Lilimkamata Digna. Alikuwa mwaka wa pili Dar es Salaam, anasomea sheria, mama yake Kornelia alipoteleza kwenye mfereji akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akavunjika nyonga. Kornelia alikuwa mjane na Digna ndiye mtoto wake wa pekee. Mtu aliyevunjika nyonga anataka kugeuzwa, kuoshwa, kulishwa na kushikwa akienda haja. Majirani walisaidia wiki mbili kisha wakachoka, kama majirani wa mahali popote. Digna akapanda basi akarudi nyumbani. Alidhani ni kwa muhula mmoja. Ukawa mwaka, na chuoni wakamjulisha kwamba nafasi yake imekwisha kupewa mtu mwingine.

Kijiji nacho kikasema lake. Walisema hakurudi kwa ajili ya mama, amerudi kwa ajili ya Fabian. Wengine walimtazama tumbo miezi tisa, na lilipokataa kukua wakasema Dar es Salaam dawa ni nyingi.

Kuhusu Fabian hawakukosea sana. Digna alimpenda tangu walipokuwa wakiimba pamoja kwaya ya parokia, yeye sauti ya kwanza, Fabian besi, na mwalimu wa kwaya akiwagombeza kila Jumamosi kwamba nota haziko usoni mwa mtu. Fabian alikuwa mrefu, mpole, mwenye mabega ya kubeba dunia, na kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni mlimani kutokea Marangu. Kilichoharibu ni ukoo. Fabian alikuwa kitindamimba wa Mzee Sirili, yule ambaye kwa desturi ya Kichagga hubaki nyumbani na kurithi kihamba cha baba, yaani shamba la ukoo lenye migomba, kahawa na makaburi.

Mzee Sirili alimwita mwanawe akamwambia kwamba yeye hawezi kumwoza mwanawe kwa deni. Lakini njia ipo, akasema. Digna abebe isale.

Kila mtoto wa Kilimanjaro analijua isale, lile jani refu la kijani linalopandwa kwenye mipaka ya vihamba. Mkosaji akilifunga fundo na kulileta mkononi, aliyekosewa hana ruhusa ya kulikataa. Hata mwenye damu ya mtu mkononi husikilizwa akija nalo. Mzee alisema Digna akilileta mbele ya kamati, deni litafutwa siku hiyo hiyo, na baada ya hapo mambo ya harusi yatazungumzwa.

Fabian aliteremka mbio kwenda kwa akina Digna akiwa na habari hiyo kama mtu aliyeokota hela. Alimkuta nyuma ya nyumba akimkatia ng'ombe shina la mgomba kwa panga. Alimweleza yote, kisha akangoja amrukie shingoni. Digna aliendelea kukata.

"Ni jani tu, Digna," Fabian akasema.

"Kama ni jani tu, mbona baba yako hataki kitu kingine?"

"Libebe, yaishe."

"Nikilibeba, niseme nini?"

"Useme umekosa."

"Nimekosa nini, Fabi?"

Fabian akanyamaza. Hapo ndipo alipoharibu. Mwanamume akiulizwa swali kama hilo na mwanamke anayempenda, kama ana jibu zuri alitoe upesi, na kama hana aseme hana. Yeye aliangalia viatu vyake, akakaa, kisha akasema kwamba, basi, hela za watu zimepotea.

Digna akalaza panga chini.

"Isale hubebwa na aliyetenda kosa," akasema. "Mimi nimemgeuza mama yangu kitandani. Nikilibeba nimekiri kwamba kumlea mama ni kosa, na yeye amelala humo ndani anasikia. Kamwambie baba yako nitalipa."

"Utalipa na nini?"

"Sijui."

"Basi nilipe mimi. Wageni wananipa bakshishi, nikijibana..."

"Ukilipa wewe, nitakuja kwenu kama mbuzi aliyenunuliwa mnadani. Kila chai ikichelewa nitatajiwa bei yangu." Macho yalikuwa yamemjaa machozi, lakini sauti haikutetereka. "Nenda, Fabi. Ukirudi hapa, uwe umejua nilichokosa."

Fabian aliondoka. Digna aliokota panga akakata shina lile mpaka likawa vipande ambavyo ng'ombe angeweza kuvinywa.

Ng'ombe mwenyewe hakukaa. Kornelia ndiye aliyesema auzwe. Alisema kitandani, akiangalia dari, kwamba ng'ombe yule amemvunja nyonga, sasa na yeye atoe mchango wake. Digna akateremka na fedha ile mpaka Kiboriloni, kwenye soko la mitumba, mahali ambapo akina mama wa Moshi walikuwa wakifungua marobota ya nguo za Ulaya na kugombania blauzi kama kuku kwenye mtama.

Digna hakugusa blauzi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitu kilicholala pembeni bila mnunuzi, makoti mazito ya sufu, yenye vifungo vikubwa, ambayo mtu akiyavaa Moshi mjini saa sita mchana anaweza kuzimia. Alinunua robota zima kwa bei ya kutupa. Wauzaji walimcheka wakashikana mikono.

"Dada, unafungua duka Urusi?" mmoja akamwuliza.

"Karibu na hapo," Digna akajibu.

Alikumbuka jambo ambalo Fabian alimsimulia zamani, wakati bado wanashikana mikono njiani. Alimwambia kwamba wageni hupanda na majaketi ya manyoya, lakini wapagazi wanaowabebea mizigo hupanda na sweta moja, na kule juu hutetemeka mpaka meno yanagongana. Mpagazi hana fedha ya koti kabla ya kupanda. Hela anaipata akishuka.

Basi Digna hakuyauza makoti yale. Aliyabeba mgongoni mpaka Marangu, akakaa karibu na lango la mlima, akayakodisha. Chukua sasa, lipa ukishuka. Watu walimwambia wataibiwa wote, yeye na makoti yake. Akaweka sharti moja. Anayechukua koti anaacha viatu vyake vya kanisani. Mchagga anaweza kumkimbia mdai, anaweza kumkimbia hata mke, lakini hawezi kuingia misa ya Jumapili na ndala mbele ya mama mkwe wake. Makoti yakawa yanarudi.

Kornelia aliketishwa kwenye kiti na mito, akawa anashona vifungo, anaweka viraka na kupiga pasi ya mkaa. Kazi ile ilimtoa kitandani kuliko dawa. Kwanza alikaa, halafu akasimama kwa kushika meza, halafu siku moja Digna akarudi na kumkuta mlangoni na fimbo, analaumu kwamba makoti yameletwa yakiwa na tope.

Kila zilipopatikana hela za kutosha, Digna alizipeleka kwa Mama Mektrida, mtunza fedha wa mfuko, mwanamke mnene aliyependa kuhesabu kwa kulamba kidole. Mzee Sirili alikuwa akikutana naye njiani. Digna alimwamkia, "Shikamoo, meku," kwa heshima zote anazopewa mzee wa Kichagga, na mzee akaitikia marahaba huku akiangalia kahawa za watu.

Julai moja, wageni wakiwa wengi, Digna alikuwa akigawa makoti pale langoni, akainua macho akamwona Fabian amesimama kwenye foleni. Alikuwa amevaa jaketi zuri jekundu alilopewa na Mjerumani. Wapagazi walimpisha, yeye akakataa. Alingoja zamu yake.

"Nataka koti," akasema.

"Umevaa koti."

"Nataka la kuvaa juu yake."

Digna alimtazama. Ilikuwa imepita zaidi ya mwaka. Alikuwa amekonda mashavu, na jua la mlimani lilikuwa limembabua pua. Kwa wengine alikuwa akipima mabega kwa macho. Kwa huyu hakupima. Alivuta koti la kijivu lililokuwa chini kabisa ya fungu, ambalo hakuwa amewahi kumpa mtu.

"Viatu?" akauliza.

Fabian akatoa mfuko. Ndani yake mlikuwa na viatu vyeusi, vimepigwa rangi mpaka vinang'aa.

"Umejua nilichokosa?" Digna akauliza kwa sauti ya chini.

"Bado natafuta."

"Katafute huko juu, wanasema mtu anaona mbali."

Wapagazi wakaangua kicheko. Fabian naye akacheka, akavaa koti juu ya jaketi, akaondoka amejaa kama gunia la mahindi.

Tangu hapo kila safari alichukua koti lile la kijivu na kuacha viatu vile. Akishuka analipa bei ile ile ya watu wote, anachukua viatu, anasema asante. Hakuzidisha hata shilingi, kwa sababu alijua angezidisha angefukuzwa. Kuna safari alizokaa juu karibu wiki nzima, na Digna aliwahi kuvifuta vumbi viatu vile mara nyingi kuliko vumbi lilivyovifikia. Mama yake alimwona.

"Viatu hivyo vina nini?" Kornelia akauliza. "Vya wenzake vinalala uvunguni, vyenyewe viko mezani kama sanamu ya Bikira."

"Ni vya mteja, mama."

"Mteja. Sawa. Na mimi baba yako alikuwa mteja wangu."

Huko juu kwa Mzee Sirili mambo hayakulala pia. Mzee alimtafutia mwanawe binti mwalimu, Hilaria, msichana mzuri, wa familia safi, asiye na deni. Fabian alimwambia baba yake kwamba hana ubaya na Hilaria ila ana safari. Kila akitajiwa Hilaria, alikuwa na safari. Hatimaye Hilaria akaolewa Rombo na mtu aliyekuwa akikaa nyumbani.

Jumapili ya malipo ya mwisho, kamati ilikutana kwenye ghala la kahawa baada ya misa ya pili. Kijiji kilijaa humo ndani, maana habari ilikuwa imepita kwamba Digna anamaliza. Wengine walikuja kumpongeza, wengine walikuja kuhakikisha. Digna aliingia akiwa amevaa kitenge kipya, na nyuma yake, taratibu, kwa fimbo, akaingia Kornelia. Watu hawakuwa wamemwona akipanda kilima kile tangu avunjike. Minong'ono ikakatika. Mtu akamletea kiti, akakikataa.

Digna aliweka fedha mezani. Mama Mektrida akalamba kidole akahesabu, akalamba tena akarudia, kisha akainua uso.

"Limekwisha," akasema. "Lote."

Makofi yalianzia nyuma, kwa wanawake. Digna alisimama wima. Mzee Sirili alikohoa, akasema kwamba kamati inashukuru, kwamba binti ameonyesha mfano, na kwamba sasa yaliyopita yamepita. Akaanza kuzungumzia bei ya dawa za kahawa.

"Meku," Kornelia akasema, "samahani. Bado."

Mzee akageuka.

"Deni la mwanangu limekwisha. La kwenu je?"

"Deni gani, Mama Digna?"

"Mimi nilikuwa nimelala, meku. Nyumba yangu ni ya mbao na njia inapita dirishani. Nilisikia mtu akisema mwanangu ana mimba, na mwingine akisema ameitoa. Wengi ni hawa waliopiga makofi sasa hivi. Na wewe uliyetaka abebe isale kwa kunilea, nilikusikia pia, kupitia kwa mwanao. Sikuweza hata kugeukia ukutani. Ilibidi yeye anigeuze."

Watu walitazama magunia. Digna alimshika mama yake mkono, kwa sababu jambo hili hawakulipanga, na aliogopa fimbo itateleza.

Kule nyuma Fabian alisimama, akafungua mlango, akatoka.

Digna alimwona akitoka. Moyo wake ulianguka kama jiwe kwenye mfereji. Alijiambia ni sawa, kwamba hakulipa deni kwa ajili ya mwanamume, na maneno hayo yalikuwa kweli, na hayakumsaidia kitu. Mzee Sirili naye aliuona mlango, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana mzee.

Mlango ukafunguliwa tena. Fabian aliingia akiwa na majani mawili ya isale, mabichi, yamefungwa fundo. Yalikuwa yanadondosha maji. Alipita katikati ya watu mpaka mbele, akasimama mbele ya Digna, akanyoosha jani moja kwa mikono miwili.

"Ulinituma nikajue ulichokosa," akasema. "Nimetafuta mpaka Kibo, Digna. Hukukosa kitu. Aliyekosa ni mimi, siku ile uliponiuliza nikanyamaza."

Kwa desturi isale halikataliwi. Lakini wanawake waliokuwa karibu walisimulia baadaye kwamba hata kama desturi isingekuwapo, mkono wa Digna ulikuwa umeshafika nusu ya njia. Alilipokea. Alitaka kusema jambo la kejeli kidogo, la kumkomoa, alikuwa amelitunza miaka yote hiyo. Halikuja. Alisema tu, "Nimepokea, Fabi," na machozi aliyoyazuia siku ya panga yakashuka yote mbele ya watu.

Jani la pili Fabian aliliweka mezani mbele ya baba yake.

Mzee Sirili alilitazama.

"Meku," Mama Mektrida akasema, "litanyauka hilo."

"Nimeletewa isale mara nyingi maishani mwangu," mzee akasema polepole. "Kulibeba sijui."

"Hata mimi kutembea nilikuwa nimesahau," Kornelia akamjibu. "Nimejifunza upya."

Mzee Sirili alisimama. Alishika jani, akaizunguka meza, na njia ile fupi ilimchukua muda mrefu kuliko ilivyomchukua Kornelia kupanda kilima. Akainama mbele ya mjane.

"Mama Digna, nilikosa. Kwako na kwa binti yako. Nisamehe."

Kornelia alimwacha ameinama kidogo, si sana, kiasi cha kusali Salamu Maria moja. Kisha akapokea.

"Nimepokea, meku. Na siku mtakayoleta mbege ya posa, isiwe ya kununua kilabuni. Mkeo aipike mwenyewe, na mimi nitaionja kwanza."

Ghala lote lilicheka, na kicheko kile ndicho kilichofunga mkutano. Bei ya dawa za kahawa haikujadiliwa.

Nje, mawingu yalikuwa yamefunguka na theluji ya Kibo ilionekana yote. Fabian na Digna walisimama kando ya ukuta, hawajui mikono waiweke wapi, kama siku za kwaya.

"Viatu vyangu viko kwako," Fabian akasema. Kweli alikuwa ameshuka jioni iliyotangulia bila kuvipitia, akaingia misa na mabuti ya mlimani.

"Na vitabaki kwangu. Utavifuata na baba zako wadogo na mbege."

"Na nikipata safari kabla ya hapo? Nitaacha nini?"

Digna alimtazama mpaka Fabian akasahau swali lake.

"Wewe chukua koti," akasema. "Wewe nakuamini."

Basi iligharimu hivi. Laki nne na themanini elfu. Ng'ombe mmoja wa maziwa. Makoti saba yaliyopanda mlima bila kurudi, yamechukuliwa na watu walioazima viatu vya wenzao. Shahada moja ya sheria, ambayo haikupatikana tena. Miaka mitatu ambayo watu wawili wangeweza kuishi nyumba moja, wakaimaliza wakipokezana jozi ya viatu langoni Marangu.

Isale lenyewe halikugharimu kitu. Linaota mpakani.